Aibu Iliyo Ukutani

Katika mali zote ambazo watu huuziana, nyumba ndiyo yenye siri nyingi kupita zote. Ng'ombe hutembezwa mbele ya mnunuzi, nguo hufunuliwa juani, nafaka huchotwa kwa kiganja ikatazamwa. Lakini ukuta hauonyeshi ila uso wake. Yaliyo nyuma ya lipu huyajua watu wawili tu: fundi aliyeyafanya, na mwenyeji aliyelala chini yake usiku wa mvua. Kwa sababu hiyo, tangu watu walipoanza kukaa mijini, kumekuwapo swali moja ambalo mahakimu wa mataifa mbalimbali wamelijibu kwa njia mbalimbali. Nyumba iliyoharibiwa na fundi ikiuzwa, hasara ni ya nani? Ni ya fundi aliyeharibu, ni ya mwenyewe aliyemwamini, au ni ya mgeni ajaye na fedha yake mkononi bila ya kujua lolote?

Swali hili sikulikuta kwanza katika vitabu. Lilinijia nyumbani kwetu Lamu, mwaka 2011, juu ya nyumba aliyotuachia marehemu bibi yetu mzaa mama, nami nilikuwa mmoja wa waliotakiwa kulijibu. Vitabu nilivifuata baadaye, kama mgonjwa afuatavyo dawa. Katika insha hii nitaeleza niliyoyaona pande zote mbili, katika vitabu na katika ukuta wenyewe.

Nyumba ilikuwa katika mtaa wa Mkomani, na ilijengwa kwa namna ya nyumba za mawe za mji ule: daka mlangoni, kiwanda cha ndani kilicho wazi kwa juu, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na ndani, vyumba vikifuatana sambamba, kila kimoja kirefu na chembamba. Wageni huona wembamba huo wakadhani ni desturi tu. Sababu yake ni mti. Dari za Lamu hubebwa na boriti za mkoko, na boriti nene iliyonyoka haipatikani kwa urefu wowote autakao mtu. Basi upana wa chumba ukawa ni urefu wa boriti, mita mbili na nusu au tatu hivi, na haukupita hapo. Mkoko ndio uliokuwa msanifu wa kwanza wa mji wa Lamu. Mwashi alikuwa wa pili.

Boriti hupangwa karibu karibu, ncha zake zikaingizwa ndani ya kuta za pande mbili. Juu yake huwekwa mawe bapa ya matumbawe, na juu ya mawe hayo humwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, ikapigwapigwa kwa vibao siku nyingi mpaka ikashikana kuwa sakafu. Dari la namna hiyo ni zito sana, wala asidanganyike mtu kudhani kwamba wazee walijenga vitu vyepesi. Lakini uzito wake umegawanywa kwa boriti nyingi, na kila boriti huukabidhi ukuta sehemu ndogo tu ya mzigo, mkono kwa mkono, kama watu wabebao jeneza. Ukuta wenyewe, ambao unene wake hukaribia nusu mita, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na chokaa hiyo nayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya tanuri la magogo, yakazimwa kwa maji, yakaachwa yatulie kwa miezi. Jiwe na kiungo chake ni ndugu wa tumbo moja, waliotoka katika bahari moja.

Nikisifu kazi hii sina nia ya kupamba zama zilizopita kwa pambo lisilo lake. Katika karne ya 18 na ya 19, wengi wa waliochimba mawe, wakakata mikoko na kuchochea matanuri, walikuwa watumwa, na ujira wao hakuna hati iliyouandika, kwa kuwa haukuwapo. Hali ya utumwa haikufutwa na sheria katika Unguja mpaka mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Anayesema kwamba kuta za zamani zilijengwa kwa uaminifu, naye hasemi ni nani aliyezibeba, amesema nusu ya neno. Ninalosema mimi ni dogo kuliko hilo: ujuzi wa mwashi aliyesimamia kazi ulikuwa ujuzi wa kweli. Tena mwashi huyo alikuwa mtu wa mji, akilipwa kwa siku zake za kazi, akiswali katika msikiti mmoja na mwenye nyumba. Hakuwa malaika, maana fundi mvivu amekuwapo tangu kuumbwa kwa mwiko. Lakini alipoharibu, palijulikana pa kumwendea.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo, nayo yalikuja yakiwa yameshikana mikono. La kwanza ni saruji. Mwaka 1824 mwashi Mwingereza wa mji wa Leeds, Joseph Aspdin, alipewa hati ya kumiliki ubunifu wa saruji aliyoiita ya Portland, na kabla karne haijaisha unga huo ulikuwa umekwisha kuenea katika bandari za dunia. Pwani yetu iliupokea kwanza kwa meli. Kisha mwaka 1954 kiwanda kikaanza kuutengeneza Bamburi, karibu na Mombasa, na tangu hapo mfuko wa saruji ukawa kitu cha kununuliwa dukani kama sukari. La pili ni kandarasi, yaani kazi kukatiwa bei moja tangu mwanzo hata mwisho, naye mkandarasi akatafuta faida yake katika tofauti kati ya bei aliyokata na gharama aliyotumia. Sisemi kwamba kandarasi ni dhuluma. Nasema kwamba fundi alipwaye kwa siku hupata faida kazi ikienda polepole, na mkandarasi hupata faida kazi ikienda mbio. Na chokaa haijui kwenda mbio.

Saruji si adui wa nyumba mpya. Katika ukuta wa matumbawe, hata hivyo, huingia kama mgeni asiyejua desturi za wenyeji. Chokaa huvuta unyevu na kuuachilia. Ukuta hulowa masika na kukauka kaskazi, na chumvi iliyomo ndani ya mawe hutoka taratibu pamoja na unyevu huo. Ukipakwa saruji juu yake, unyevu hukosa njia. Chumvi hujikusanya nyuma ya ngozi ile ngumu, hufanya fuwele, na fuwele hizo huusaga ukuta kwa ndani. Mtu aliye nje haoni kitu. Huona lipu laini iliyonyooka, nyeupe, nzuri kuliko ya jirani, mpaka siku inapobanduka kwa pande kubwa na kuacha nyuma yake mchanga.

Hayo ndiyo yaliyotupata, na zaidi ya hayo. Bibi alipofariki alimwacha mjomba mmoja na mabinti watatu, ndio mama mkubwa, mama yangu, na mama mdogo. Kwa hiyo nyumba ilikuwa mafungu matano, mawili ya mjomba na moja moja ya kila binti. Dari la msana wa yuu lilivuja. Mwaka 2009 mjomba alimpata mkandarasi, mtu wa maneno matamu, aliyesema kwamba boriti ni mambo ya kale, na kwamba atatupigia zege la nondo litakalodumu mpaka kwa wajukuu. Mapatano yaliandikwa katika karatasi moja. Karatasi ile ilitaja bei, ikataja neno "matengenezo ya dari", ikanyamaza. Haikusema mchanga utatoka wapi, wala nondo ziwe za unene gani, wala kazi itakwisha lini. Tulilipa theluthi mbili kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa, jambo ambalo leo naona haya kuliandika.

Alizing'oa boriti zote kwa pamoja. Kuta zilizokuwa zikishikana kwa boriti hizo kwa muda mrefu zikabaki zimesimama kila moja peke yake, kama watu waliotengana katika mto wenye maji mengi. Kisha akazitoboa mahali pachache, akaegemeza humo mihimili michache ya zege, hata mzigo ambao zamani uligawiwa ukuta mzima ukadondoka katika nukta hizo chache. Mchanga aliuchota pwani. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba huipasua zege iliyoifunika. Kabla ya mwaka kwisha ufa ulikuwa umeshuka kutoka darini hadi kwenye zidaka za ndani, mtu aweza kuingiza kidole. Mkandarasi alikuja mara moja, akautazama, akasema kuwa nyumba mpya hujinyoosha. Kisha hakuonekana tena.

Nisidhaniwe kwamba nalia kilio cha nyumba ndogo tu. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash, ikasalimika katika mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896 iliyobomoa majengo ya jirani yake. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, ilipokuwa katika kazi ya kutengenezwa, sehemu yake kubwa iliporomoka na wafanyakazi wawili wakafa. Kutengeneza nyumba ya zamani ni saa ya hatari kwake, kama mgonjwa aliye mezani mwa mpasuaji, na jambo hilo halitambui cheo cha mwenye nyumba.

Je, mkandarasi wetu angeweza kushikwa? Hapa ndipo nilipoanza kufungua vitabu. Jawabu la kale kupita yote tulilo nalo kwa maandishi kamili limechongwa juu ya jiwe jeusi lililofukuliwa Susa mwaka 1901, ambalo sasa limo katika jumba la Louvre mjini Paris. Ni sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, aliyekufa yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo. Sheria hizo kwanza humpa mjenzi haki yake: ujira wa shekeli mbili za fedha kwa kila kipimo cha eneo la nyumba. Ndipo zikamwonyesha upanga. Nyumba ikianguka na kumwua mwenyewe, mjenzi atauawa. Ikimwua mwana wa mwenye nyumba, atauawa mwana wa mjenzi. Ikiharibu mali, mjenzi atalipa na kujenga upya kwa gharama yake. Watu hupenda kuvitaja vitisho hivi, lakini mimi nilivutiwa na ile ya mwisho, ambayo haina damu. Yasema kwamba ukuta ukilegea kabla haujaanguka, mjenzi atauimarisha kwa fedha yake mwenyewe. Mtu aliyeitunga sheria hiyo alijua tofauti kati ya ufa na maanguko, na kwamba haki nzuri ni ile ifikayo wakati wa ufa.

Wagiriki wa Efeso walikuwa na hekima ya namna nyingine, nasi twaijua kwa kalamu ya Vitruvius, mjenzi Mrumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo. Msanifu aliyepewa kazi ya umma alitaja gharama mapema, na mali yake yote ikawekwa rehani kwa hakimu mpaka kazi iishe. Kazi ikitimia kwa bei aliyoitaja, alitunzwa heshima. Gharama ikizidi kwa robo, umma ulilipa. Ikizidi kupita robo, ziada ilitoka katika mali yake. Vitruvius aliona huzuni kwamba Warumi hawakuwa na sheria kama hiyo, hata kwa majengo ya watu binafsi. Nilipoisoma habari hii nilikumbuka theluthi mbili zetu. Efeso fundi ndiye aliyeweka rehani kwa mwenye kazi. Lamu tulimwekea rehani fundi.

Wafaransa waliandika katika kitabu chao cha sheria za raia cha mwaka 1804 kwamba msanifu na mkandarasi wataulizwa kwa muda wa miaka kumi jengo likiharibika kwa kasoro ya ujenzi, hata kama kasoro ni ya ardhi. Kanuni hiyo ya miaka kumi ilivuka bahari ikaingia katika sheria za Misri za mwaka 1948, na kwa mlango wa Misri ikapita kwenda nchi nyingine za Kiarabu. Sisi tuliotawaliwa na Mwingereza haikutufikia. Kwetu ni mapatano na ushahidi wa mapatano, na dai la mapatano katika Kenya hufa baada ya miaka sita. Wakili tuliyemwendea Mombasa aliisoma karatasi yetu mara mbili, kwa kuwa ilikuwa fupi, akatuuliza kama mkandarasi ana shamba au nyumba au gari. Hatukujua. Akatuambia kwa upole kwamba hukumu dhidi ya mtu asiye na kitu ni karatasi ya pili. Mwaka ule ule wa 2011 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, na wakandarasi wakatakiwa kuandikishwa. Ni jambo jema. Kwetu lilikuja jeneza limekwisha kupita.

Basi ikabaki kuuza. Mjomba alikuwa mzee, mama mdogo yuko kwa mumewe Malindi, na mama yangu alikuwa mgonjwa, akihitaji matibabu ya Mombasa ambayo fedha zake hatukuwa nazo. Nami nilikaa katika baraza la warithi badala yake. Mtoto wa mjomba, kijana mwerevu apendaye nyumba yao, alileta shauri: tununue mifuko kumi ya saruji, ufa uzibwe, msana wa yuu upakwe rangi, nyumba ionyeshwe wakati wa kaskazi ilipokauka. Hoja yake haikuwa ya mtu mwovu. Alisema, sisi tuliibiwa na hakuna aliyetuonea huruma. Mnunuzi ni mtu mzima, ana macho, na akitaka alete fundi wake. Tena watu wa ng'ambo wanunuao nyumba za Lamu wana fedha kuliko sisi. Mimi nilinyamaza. Mbele ya macho yangu palikuwa na kitanda cha mama yangu, na kunyamaza kwangu kulikuwa upande wa saruji.

Shauri hilo ni la kale, naye kijana hakujua kwamba hata Roma lilipata kusikilizwa. Cicero amelisimulia katika kitabu chake juu ya wajibu, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo. Tiberius Claudius Centumalus alikuwa na nyumba juu ya kilima cha Caelius. Makuhani wapiga ramli kwa ndege walimwamuru aibomoe sehemu iliyowazibia upeo wa macho. Badala ya kubomoa aliitangaza nyumba kwa mauzo, akainunua Publius Calpurnius Lanarius, na Calpurnius akapewa amri ile ile. Akabomoa. Baadaye akagundua kwamba muuzaji alikwisha kuijua amri kabla ya kuuza, akamshitaki. Mwamuzi alikuwa Marcus Cato, baba yake yule Cato aliyejiua Utica, naye akahukumu kwamba muuzaji aliyejua na asiseme lazima ailipe hasara. Jambo la kutazamwa ni kwamba Centumalus hakusema uongo hata mmoja. Alinyamaza tu, na kimya chake kikahesabiwa kuwa tendo.

Katika pwani yetu mlango huu ulifunguliwa na fiqhi kabla ya sheria nyingine yoyote ambayo nyaraka zetu zinaikumbuka. Mnunuzi aliyekuta aibu katika kitu alichonunua, aibu iliyokuwapo kabla ya kuuzwa, yenye kupunguza thamani, naye hakuijua, ana hiari ya kukirudisha na kuchukua fedha yake. Tazama neno lenyewe. Kwa Kiarabu cha mafakihi ni kasoro ya kitu. Sisi Waswahili tumelichukua tukalitia fedheha ya mtu. Katika neno aibu ufa wa ukuta na uso wa mwenye ukuta vimekaa pamoja, wala sijui lugha iliyofanya hesabu hiyo kwa silabi chache zaidi.

Kijana wa mjomba alipoona wazee wanasita alitoa njia ya katikati: tuandike katika hati kwamba nyumba inauzwa kama ilivyo, pamoja na aibu zake zote, na kila mtu atakuwa amesalimika. Njia hiyo nayo ni ya kale, na wanazuoni waliikuta zamani. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaji, kitabu ambacho makadhi wa pwani walikitegemea, kwamba muuzaji akishurutisha kutoulizwa juu ya aibu yoyote, sharti lake humfaa katika jambo moja tu: aibu ya ndani ya mnyama, ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Mnyama ana ugonjwa ndani yake ambao hata mchungaji haujui. Nyumba si mnyama, na ufa wetu tuliujua kwa kidole.

Nilidhani kwamba mahakama za kikoloni zilikuja na jawabu la Kiingereza, lisemalo kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Ajabu ni kwamba haikuwa hivyo hasa. Waingereza waliitawala pwani kwa vitabu vya Bara Hindi, na miongoni mwa vitabu hivyo ilikuwamo sheria ya mwaka 1882 ya kuhamisha mali. Sehemu yake ya 55 humlazimu muuzaji kumfunulia mnunuzi kasoro kubwa ya mali ambayo muuzaji anaijua, na mnunuzi haijui wala hawezi kuigundua kwa uangalifu wa kawaida. Sheria hiyo iliendelea kutumika Kenya hata baada ya uhuru, mpaka ilipofutwa mwaka 2012 na sheria mpya ya kuandikisha ardhi. Sisi tuliuza mwaka mmoja kabla yake. Kwa hiyo kadhi wa zamani na bwana sheria wa Bombay wangalikaa katika daka letu siku ile, wangalitofautiana kwa kilemba na kofia, na juu ya ufa wangalisema neno moja.

Haya yote niliyajua baadaye. Siku ya baraza hakuna aliyetaja Nawawi wala Cicero. Mama mkubwa, aliyekuwa ameketi karibu na zidaka zilizopasuka, alimwacha kijana amalize, kisha akamwambia, "Mwanangu, yule mtu alituliza sisi. Sasa wataka tumtafutie mwenzetu wa kulia naye?" Akaniuliza mimi kama mama yangu angeridhika kutibiwa kwa fedha hiyo. Nikasema nitamwuliza. Nilimwuliza usiku ule, naye mama hakujibu kwa maneno. Alinikazia macho mpaka nikaona haya kwa kuuliza.

Mnunuzi wa kwanza, mtu wa Nairobi, alionyeshwa ufa, akatushukuru kwa adabu nyingi, na hatukumwona tena. Wa pili alikaa nusu saa. Miezi minane ilipita, na katika miezi hiyo tulikopa kwa jamaa ili mama asafiri. Sitaki kusema kwamba kusema kweli kulitulipa, maana hakukutulipa. Nyumba iliuzwa kwa bei iliyo pungufu ya nusu ya ile ambayo majirani walipata kwa nyumba zisizoguswa, na fungu la mama yangu, moja katika matano, lilipotolewa madeni lilibaki dogo kiasi cha kuhesabika kwa mkono mmoja. Kijana wa mjomba hajasahau mpaka leo, nami sina neno la kumjibu katika hesabu hiyo.

Aliyenunua alikuwa mgeni wa ng'ambo, lakini hakuja peke yake. Alikuja na mwashi mzee wa Lamu, mtu mfupi mwenye kikoi kilichochakaa, ambaye hakutazama ufa hata kidogo, kwa kuwa tulikwisha kumwonyesha. Aligonga ukuta kwa fundo la kidole, hatua kwa hatua, huku akitega sikio. Mahali penye saruji sauti ilikuwa ya debe tupu. Mahali palipobaki chokaa ilikuwa nzito, ya kushiba. Akaweka alama kwa mkaa. Kisha akapanda ngazi, akahesabu matundu ya boriti yaliyozibwa, upande huu na upande huu, akashuka na kuniuliza boriti za zamani zilipelekwa wapi, kwa sababu nyingi huwa bado nzima, na mti kama ule hupatikana kwa shida siku hizi. Nilimwambia kwamba mkandarasi aliziuza zilipotolewa, nasi hatukujua mpaka zimekwisha. Mama mkubwa alikuwa dakani, na vitu vyake viwili vya mwisho vimo ndani ya mkoba. Akasema kwamba mbili anajua zilipo. Jirani wa nyuma amezifanya nguzo za banda lake la mbuzi. Yule mwashi akavaa viatu vyake, akaenda kuzitazama.